Kutafuta Uwanja wa Bunduki za Mwanga

Simu yangu ilianza kulia kabla uji haujachemka. Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu nikiwa nimeshika mwiko. Sikuiangalia. Nilijua ni wale wale, wazazi wa darasa la nne B.

Naitwa Inga. Mimi ni mshona mapazia. Ninaishi Gornitsa, mji mdogo chini ya milima ya Ural, pamoja na mume wangu Rodion na binti yetu Ustina. Nyumbani tunamwita Ustya. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Usidhani nilichaguliwa kwa busara zangu. Nilichelewa kwenye mkutano, nikakuta wameshanichagua.

Kumaliza darasa la nne kwetu si jambo dogo. Watoto wanaagana na mwalimu aliyewafundisha miaka yote minne. Lazima kuwe na sherehe. Watoto wenyewe walikuwa wameshaamua wanachotaka: mchezo wa bunduki za leza.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila mtoto anapewa bunduki ya kuchezea na utepe wa kufunga kichwani. Bunduki haina risasi. Inatoa mwanga usioonekana kwa macho. Mwanga huo ukigusa utepe wa mwenzako, utepe unawaka taa na kulia, na yeye anatoka mchezoni kwa muda. Hakuna anayepigwa wala kuumia. Sisi tulidhani mambo yanaishia hapo.

Nilipofungua simu nilikuta ujumbe arobaini na saba. Thelathini ulikuwa wa keki. Mmoja anataka keki ya asali, mwingine anasema mwanawe akila asali anatoka vipele. Ujumbe uliobaki ulihusu mahali pa kuchezea, na hapo kila mtu alikuwa bingwa.

"Tuchezee uwanja wa shule," aliandika Snezhana, mama yake Arseni. "Ni karibu, ni bure, sioni tatizo."

"Msituni kando ya mto," aliandika mwingine. "Watoto wapate hewa safi."

Nikaweka simu chini kwa nguvu. Uji ukafurika, ukazima moto.

"Mnajisumbua bure," Rodion alisema huku anapaka siagi kwenye mkate. "Jibu liko mbele ya pua zenu. Nendeni Hospitali."

Hospitali tunayoiita hivyo haijawahi kumtibu mtu. Ni jengo la ghorofa tatu lililoanza kujengwa zamani, kabla mimi sijaingia shule. Fedha zikaisha, mafundi wakaondoka, jengo likabaki na kuta na ngazi tu. Kila mtu mzima wa Gornitsa alicheza humo utotoni. Ukitaka kuwafurahisha wanaume wa mji huu, wewe itaje Hospitali. Wataanza kusimulia, na hutaondoka mapema.

"Rodion, lile ni gofu," nilisema.

"Ndiyo raha yake! Vyumba, korido, madirisha ya kuchungulia. Unatafuta uwanja gani tena? Sisi tumekulia mle. Kuna aliyekufa?"

"Na kaka yako? Ule mguu aliuvunjia wapi?"

"Ule si ulipona!"

Hivyo ndivyo mume wangu anavyojadili mambo. Mbaya zaidi, alichukua simu yangu akaandika pendekezo lake kwenye kundi la wazazi. Ndani ya dakika kumi, baba kumi na mmoja walikuwa wamekubali. Watu ambao wiki tatu walishindwa kukubaliana juu ya keki!

Siku hiyo hiyo nilimpigia mwanamke anayekodisha vifaa vya mchezo. Jina lake Rufina Maratovna. Zamani alikuwa mkaguzi wa usalama mgodini, miaka kumi na tisa. Mgodi ulipofungwa, akanunua bunduki za leza na gari dogo, akawa anazunguka kuchezesha watoto.

"Tunataka tarehe thelathini na moja, mwezi wa tano," nilimwambia. "Watoto ishirini na wawili."

"Mtachezea wapi?"

"Hilo tutaliangalia."

"Basi hamna tarehe," alisema. "Kwanza mahali, halafu tarehe, halafu keki. Mimi siwashi bunduki hata moja mahali ambapo sijapatembea kwa miguu yangu. Jumamosi nipelekeni."

Nilitaka kukasirika, kisha nikaona afadhali. Angalau mtu mmoja katika mji huu alikuwa na utaratibu.

Jumamosi tulikwenda watu wanne: mimi, Rodion, Snezhana na Rufina Maratovna. Alikuwa mama mfupi mwenye msuko mweupe. Alivaa viatu vizito vya mgodini na kubeba kamba, tochi na daftari.

Tulianza na uwanja wa shule. Snezhana alitembea mbele kama mwenye nyumba.

"Oneni wenyewe," alisema. "Pana uzio, pana nyasi, pana bembea. Mnataka nini zaidi?"

Rufina Maratovna hakuangalia nyasi. Aliangalia juu. Uwanja ule umezungukwa na majengo manne ya ghorofa tano.

"Snezhana Igorevna," alisema, "mtu aliye dirishani kule ghorofa ya nne ataona nini siku hiyo?"

"Ataona watoto wanacheza."

"Ataona watu wenye bunduki wanakimbia kuzunguka shule. Kutoka kule huwezi kujua kama ni za kuchezea. Atafanya nini?"

Snezhana aliinua macho kutazama madirisha.

"Atapiga simu polisi. Askari watakuja mbio, nao hawajui kama ni mchezo. Hapo usiniulize kitakachotokea. Huu mchezo hauchezwi mbele ya watu ambao hawajaambiwa. Hata ukiwa na mahali pazuri, unawaambia majirani mapema, unamwambia askari wa mtaa, na unaweka bango."

"Ah, na bango pia!" Snezhana alisema.

"Na bango pia. Tena pale pana magari sita yameegeshwa. Mtoto akijificha nyuma ya gari, dereva akarudi kinyumenyume, je?"

Aliandika kwenye daftari, akalifunga. Tukaenda msituni kando ya mto.

Huko hatukukaa hata robo saa. Rufina Maratovna alipitisha kitambaa cheupe juu ya majani marefu, mara mbili tu. Akatuonyesha. Kupe watatu walikuwa wanatembea juu ya kitambaa. Niliruka nyuma. Kupe wa kwetu si wa mchezo. Akikuuma anaweza kukuachia ugonjwa unaoshambulia ubongo. Kila majira ya kuchipua tunaliimba jambo hilo, halafu tunaweka watoto wetu kwenye majani mpaka kiunoni, eti wapate hewa safi.

"Hakuna barabara ya gari la wagonjwa," Rufina Maratovna alisema huku akimkagua Snezhana mgongoni. "Simu haishiki mtandao. Na mto uko hapo, hauna uzio. Hapana."

"Nilisema mimi," Rodion alidakia. Alikuwa anatabasamu tangu asubuhi. "Twendeni Hospitali."

Tulipofika, aliingia kama mtu anayerudi kwao. Alitupitisha korido ya chini, akatuonyesha ukuta alioandika jina lake akiwa na miaka tisa. Alituonyesha dirisha walilokuwa wanarukia. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Mimi mwenyewe nilianza kulegea. Palikuwa na kivuli na pembe za kujificha. Niliwaona watoto wakifurahi mle.

"Ngoma hii imeisha," Rodion alisema. "Tangaza tarehe, Rufina Maratovna."

"Bado. Kamata hii." Alimpa bunduki moja ya kuchezea. "Wewe sasa ni mtoto wa miaka kumi. Mimi nakukimbiza. Unanipiga huku unarudi nyuma. Tembea kinyumenyume, uvuke chumba hiki chote."

"Kwa nini kinyumenyume?"

"Kwa sababu mtoto anayekimbizwa haangalii anakokwenda. Anamwangalia anayemkimbiza. Ninyi mnakagua uwanja kwa kutembea mbele, macho chini, polepole, tena mchana mweupe. Hakuna mtoto anayecheza hivyo. Haya, tembea."

Rodion alicheka. Akaanza kurudi nyuma huku akinilenga mimi na kufanya "piu, piu" kwa mdomo, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa. Hatua moja, mbili, tatu. Rufina Maratovna alikuwa ameshika mshipi wa suruali yake kwa nyuma, anatembea kando yake huku akimulika sakafu kwa tochi. Hatua ya nane alimvuta kando ghafla. Rodion akaangukia goti.

"Mama wewe, vipi?"

"Geuka."

Nyuma yake sakafu ilikuwa inaendelea kama kawaida, nyeusi, ina vumbi na majani makavu. Rufina Maratovna aliokota tofali, akalirusha katikati. Sakafu ikapasuka. Haikuwa sakafu. Yalikuwa makaratasi ya lami ya kuezekea, mtu aliyatandaza zamani juu ya tundu la lifti. Tofali likatokomea. Tulisubiri. Kisha tukasikia maji, chini kabisa.

Rodion alikuwa bado amepiga goti, bunduki mkononi. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa.

"Sisi... tulikuwa tunapita hapa," alisema. "Kila siku. Hapa hapa."

"Zamani labda palikuwa na mbao," Rufina Maratovna alisema. "Mbao zinaoza. Jengo mnalolikumbuka si hili. Hili limenyeshewa miaka thelathini baada ya ninyi kuondoka."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, niliyahifadhi tangu Jumatatu. Nilipomwona vile, yakanikauka. Nilimkumbuka Ustya anavyokimbia, kichwa amegeuza nyuma, anacheka. Nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe.

Rufina Maratovna akaja kukaa karibu.

"Kila mji una jengo kama hili," alisema. "Na kila mji una wanaume wanaolipenda. Hata lingekuwa halina tundu, nisingekubali. Ngazi hazina vishikio. Nondo zimechomoza. Chupa zimevunjika. Na mwenyewe ni nani? Nani ametoa ruhusa? Mtoto akiumia, mtampigia nani simu?"

"Sasa twende wapi?" niliuliza. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira. "Uwanja wa mpira?"

"Uwanja wa mpira uko wazi. Jua kali linaudhoofisha mwanga wa bunduki, utepe haupokei vizuri. Halafu hakuna pa kujificha. Kila mtoto atapiga kelele, 'Nimekupata!' na mwenzake, 'Hujanipata!' Baada ya nusu saa wanapigana kweli. Unahitaji mahali penye kivuli, ardhi iliyo sawa, vitu vya kujificha nyuma yake, na mpaka unaoonekana. Choo. Maji ya kunywa. Barabara. Mtandao wa simu. Na mtu mwenye funguo anayesema ndiyo."

"Kama kwa kaka yangu," Snezhana alisema.

Tukamgeukia wote.

"Kaka yako nani?"

"Si yule Klim, anayelinda kituo cha kuteleza kwenye theluji? Wakati wa joto panakuwa patupu. Misonobari tu, na nyasi anazikata kila wiki. Choo kipo. Jiko lipo."

"Snezhana," nilisema polepole, "wiki tatu unatuandikia uwanja wa shule. Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza kuhusu kaka yangu."

Naapa, ningekuwa na tofali jingine!

Tulikwenda kwa Klim mchana ule ule. Safari hii Rufina Maratovna hakuhitaji kumwambia Rodion kitu. Mume wangu alishuka garini akaanza kutembea kinyumenyume mwenyewe. Alizunguka misonobari yote hivyo, mikono nyuma, akipapasa kwa visigino. Aliangukia kisiki kimoja, akakiwekea alama ya kitambaa chekundu. Alikanyaga shimo la sungura, akalijaza mchanga. Alirudi ana majani makavu ya misonobari mpaka masikioni, na hakucheka hata mara moja.

Rufina Maratovna alipima kwa hatua zake. Alichora ramani ndogo kwenye daftari. Mpaka wa mchezo, utepe wa njano kwenye miti. Pembe nne, mtu mzima mmoja kila pembe. Meza za chakula upande wa pili wa nyumba, mbali na mchezo, ili wazee na watoto wadogo wasikatize. Matairi na mbao pana za kujificha, zisimamishwe imara zisiweze kuangukia mtu. Lango la gari libaki wazi.

"Na kupe?" niliuliza.

"Klim aite watu wa afya wapulizie dawa wiki moja kabla. Watoto wavae mikono mirefu, suruali ziingie ndani ya soksi. Kila baada ya mchezo mmoja, wakaguane shingoni na nyuma ya masikio. Mkimkuta kupe ameng'ata, msimvute ovyo. Nendeni kliniki."

Jioni niliandika kwenye kundi. Baba wa kwanza akajibu: "Kituo cha theluji? Mnawalea watoto kama mayai." Kabla sijajibu, Rodion aliichukua simu. Aliandika sentensi mbili tu, kuhusu tofali na maji. Hakuna aliyebisha tena. Wakarudi kwenye keki.

Siku ilifika. Nilimwambia askari wa mtaa, nikawaambia watu wa nyumba tatu za jirani, nikabandika bango langoni. Kabla ya kuanza, Rufina Maratovna aliwapanga watoto mstari.

"Hampandi mti," aliwaambia. "Hamvuki utepe wa njano. Hamgusi mwili wa mwenzako, na hammwekei mtu bunduki machoni. Mkisikia filimbi, kila mtu anasimama alipo. Nani hajaelewa?"

Wote walikuwa wameelewa. Akawahesabu. Ishirini na wawili.

Walicheza raundi tano. Sijawahi kusikia kelele kama zile. Arseni wa Snezhana alijikwaa akachubuka kiwiko, tukamsafisha, akarudi mbio. Huo ndio ulikuwa msiba wetu mkubwa. Rodion alisimama kwenye pembe yake saa mbili nzima, hakukaa, hakushika simu. Rufina Maratovna alihesabu tena. Ishirini na wawili.

Kisha tukala mishikaki, viazi na matango ya chumvi. Keki zilikuwa mbili, maana hatukuwahi kukubaliana. Nilikuwa nimekaa, miguu inauma, nafsi imetulia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne.

"Umefurahi?" nilimuuliza Ustya.

"Sana! Hapa pazuri kuliko kwetu."

"Kwetu wapi?"

"Hospitali." Alikuwa anatafuna. "Kule si lazima uruke lile shimo? Arseni anaogopa kuruka, ndiyo maana anashindwa kila siku."

"Siogopi!" Arseni alifoka. "Nimeruka mara tatu!"

Rodion aliweka sahani chini.

"Shimo lipi, Ustya?" aliuliza.

"Lile la chumba kikubwa. Lilikuwa limefunikwa, tukajua tu kwa sababu tulirusha vijiwe, pakalia kama ngoma. Sasa mtu amelitoboa, ndiyo rahisi kuliona." Alitutazama mmoja mmoja. "Kwani vipi? Baba si ulisema wote mmekulia mle?"

Tulikuwa tumehangaika wiki nne kutafuta mahali salama pa saa mbili za sherehe. Siku nyingine zote, baada ya shule, hatukuwa tumeuliza wanakwenda wapi. Wala mimi, mwenyekiti wa kamati.

Jumatatu asubuhi nilikuwa ofisi ya mji na barua iliyotiwa sahihi na familia zote ishirini na mbili. Afisa aliisoma, akasema suala hilo wataliangalia mwezi wa tisa. Nikamwambia sitoki. Nilikaa kwenye kiti chake cha wageni mpaka saa tisa, nikishona pazia la mteja. Mwishowe alichoka kuniona, akaandika kibali cha sisi wenyewe kuziba milango, chini ya usimamizi wa fundi wao. Jumatano baba kumi na sita walikuja na saruji na matofali. Rufina Maratovna alikuja na daftari lake. Milango ikazibwa, na madirisha yote ya chini, na lile la Rodion.

Rodion alirudi nyumbani ana saruji kwenye nyusi. Ustya hakumsalimia.

"Sasa tutacheza wapi?" alisema. "Ile ilikuwa yetu!"

"Kituoni kwa Klim. Rufina Maratovna amekubali kila Jumamosi."

"Sitaki kila Jumamosi. Nataka kila siku. Mmeharibu kila kitu!"

Akasukuma supu yake. Akakunja mikono. Akanuna mpaka mdomo ukatangulia pua. Rodion, moyo wake laini, akainuka kwenda kumbembeleza. Nilimshika mkono.

"Mwache," nilisema. "Anune. Anune hata mwezi mzima akitaka. Anune hapo hapo, kwenye kiti chake, namwona."